Mbu Mkubwa Kama Mbuzi: Picha za Sayansi na Wajibu wa Mwalimu wa Lugha

Yako maneno ambayo yamekwisha kuwa kama wimbo vinywani mwa watu wengi wa zama hizi, nayo ni kwamba picha haina haja ya lugha. Wayasemao si watu wa kupuuzwa. Ni watayarishaji wa mabango ya afya, wachapaji wa vitabu vya shule, wenye vituo vya televisheni na, kwa masikitiko yetu, hata baadhi ya walimu wenzetu. Hoja yao ni fupi. Wasema kwamba asiyejua kusoma naye ana macho. Kwamba mkulima wa Ngozi, mfanyabiashara wa Buyenzi na mvuvi wa Uvira wakitazama picha moja wote huona kitu kimoja. Basi gharama ya maneno ni ya nini? Tubandike picha, na elimu ya sayansi itaenea yenyewe.

Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Bujumbura twaikataa hoja hiyo. Hatuikatai kwa kuionea picha wivu, maana hapana mwalimu mwenye akili atakayeitupa nje ya darasa lake. Twaikataa kwa sababu picha ya sayansi ikiachwa bila maneno hufundisha jambo jingine mahali pa lile lililokusudiwa, tena hulifundisha kwa nguvu kuliko kitabu. Macho hayana pazia, na kilichoingia kwa njia ya macho hakitoki upesi. Wahenga walituasa: ukiona vyaelea, vimeundwa. Picha nazo zimeundwa. Yuko aliyechagua zioneshe nini na zifiche nini, ziwe na ukubwa gani na rangi gani. Mtazamaji asipoambiwa habari za uundaji huo, hukiamini chombo asijue kina matundu mangapi.

Kisa cha mbu mkubwa

Kuna kisa kimoja kinachopendwa sana na watu waandikao juu ya elimu katika Afrika. Husemwa kwamba katika siku za ukoloni bwana mmoja wa afya alikwenda kijijini na mashine ya sinema, akawaonesha watu filamu juu ya malaria. Mbu akajaa kitambaa kizima, miguu yake minene kama miti. Filamu ilipokwisha, mzee mmoja akasimama akashukuru, kisha akasema: ‘Sasa twafahamu kwa nini ninyi wageni mwawaogopa mbu. Hapa kwetu, alhamdulillahi, hatuna mbu wakubwa kiasi hicho.’ Msimuliaji hucheka, na wasikilizaji wake hucheka pamoja naye. Kisa chenyewe kimezungushwa kwa sura nyingi: mara ni mbu, mara ni inzi, mara ni chawa, mara ni Afrika ya Mashariki, mara ni ya Magharibi. Kubadilikabadilika huko kwatosha kutuonesha kwamba kimekuwa mzaha wa kuwachekea wanavijiji.

Lakini na tuutazame mzaha huu kwa makini. Je, mzee yule alikosa nini? Alioneshwa mdudu mkubwa kama mbuzi. Hakuambiwa na mtu kwamba mdudu huyo amekuzwa, wala amekuzwa mara ngapi. Akalinganisha alichokiona na mbu anaowajua, ambao huketi juu ya ukucha wake, akakata shauri kwamba hawa si wale. Huko ndiko kufikiri kwa kisayansi hasa: kupima, kulinganisha, na kukataa dai lisilolingana na ushahidi. Mwenye kosa ni yule aliyeleta picha akaacha kipimo nyumbani. Kwa miaka mingi tumecheka upande usiostahili kuchekwa.

Wako wataalamu wa siku zile waliojenga nadharia nzima juu ya mizaha ya namna hii. Katika kitengo cha filamu cha makoloni ya Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1939, William Sellers alifundisha kwamba filamu za Waafrika lazima ziende polepole, zisiwe na hila za kamera, wala zisiruke kutoka jambo moja hadi jingine, kana kwamba jicho la Mwafrika limeumbwa kwa udongo mwingine. Hata hivyo ushahidi wa jambo jema ulikuwa umekwisha patikana jirani yetu kabisa. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, L. A. Notcutt na G. C. Latham walitengeneza filamu za elimu, mojawapo ikiwa juu ya safura, wakazizungusha kwa gari katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Filamu hizo zilifuatana na maelezo ya sauti yaliyotiwa katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Kiafrika. Hatuzisifu filamu hizo kwa kila kitu, maana zilibeba dharau za wakati wao. Twasema tu kwamba hata watengenezaji wake walikwisha tambua kwamba picha bila sauti ya mtu aeleweke ni mzigo nusu. Ajabu ni kwamba leo, miaka karibu 90 baadaye, wako wanaotaka kuturudisha nyuma ya Vugiri.

Chati ya malaria

Tuache kisa, tuje kwenye ukuta wa darasa. Twaa chati ya malaria ya namna ile inayoonekana katika shule nyingi na zahanati nyingi. Juu pana mbu mwenye urefu wa sentimita 30. Katikati yuko mtu mgonjwa, naye ana sentimita 17. Chini pana chembe nyekundu ya damu yenye upana wa sentimita 3 na nusu, na ndani yake kimelea. Mishale yazunguka kutoka huyu hadi huyu. Picha nzuri, rangi safi, na maandishi kidogo ya Kifaransa pembeni.

Sasa na tupige hesabu. Mbu wa malaria ana urefu wa milimita 6 hivi. Basi katika chati amekuzwa mara 50. Mtu wa meta 1.70 amepunguzwa mara 10. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa sehemu 7 hivi za elfu ya milimita. Basi imekuzwa mara 5,000. Vipimo vitatu vimelala katika karatasi moja wala hapana neno hata moja linalovitenganisha. Lau mbu yule angekuzwa kwa kipimo cha chembe ya damu, angekuwa na urefu wa meta 30, na mgonjwa angelala kilomita 8 na nusu. Mwanafunzi atazamaye bila mwongozo huona mdudu aliye mkubwa kuliko mtu, na kimelea aliye karibu sawa na kichwa cha mtu. Akijibu vibaya katika mtihani, huandikiwa sifuri.

Ukubwa si tatizo la peke yake. Kimelea cha malaria huchorwa kwa rangi ya zambarau. Rangi hiyo si yake. Ni ya dawa ambayo mpimaji huimwagia damu juu ya kioo ili kimelea kionekane chini ya hadubini, dawa inayoitwa kwa jina la Mjerumani Gustav Giemsa, aliyeitengeneza mwanzoni mwa karne ya 20. Aidha, mbu wengi wa mabango si mbu wa malaria kamwe. Jike la anofelesi, ambalo ndilo peke yake liambukizalo malaria, hutua likiwa limeinamisha kichwa na kuinua mkia. Mbu wa mabango mara nyingi amelala sambamba na ngozi, mgongo umepinda, kama walivyo mbu wa jamii ya kuleksi watusumbuao karibu na mitaro. Mchoraji alichora mbu aliyemwona, na hapakuwa na mtu wa kumwambia tofauti.

Baya kuliko yote ni mandhari anamowekwa mbu huyo. Huchorwa juu ya jaa la takataka, makopo na maji machafu. Mtazamaji hupokea fundisho ambalo halikuandikwa popote: malaria ni ugonjwa wa uchafu, na aliyefagia uwanja wake amesalimika. Kumbe mbu wakuu wa malaria katika nchi zetu hupenda kutaga katika vidimbwi vya maji yaliyotulia, yasiyo machafu sana na yanayopigwa na jua: katika mashamba ya mpunga ya bonde la Imbo, katika mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali, hata katika nyayo za ng'ombe baada ya mvua. Kufagia ni jambo jema kwa sababu nyingine nyingi, lakini hakuchukui nafasi ya chandarua. Na jambo hili si la mchezo katika Burundi. Mwezi Machi 2017 serikali ilitangaza kwamba malaria imekuwa janga la taifa, na mwaka 2019 Umoja wa Mataifa uliripoti kwamba katika miezi saba ya kwanza wagonjwa walikuwa wamepita milioni 5, katika nchi yenye watu milioni 11 hivi. Hapo ndipo twaona kwamba picha yenye mandhari ya uongo yaweza kumfanya mzazi ajione yu salama, mtoto wake angali analala bila chandarua.

Mamba wa Ruzizi

Huenda msomaji akasema: hayo ni ya watu wasiosoma, wasomi hawadanganywi na picha. La hasha. Tutoe mfano kutoka mto wetu wenyewe.

Ulimwengu mzima umesikia habari za mamba wa Ruzizi na Ziwa Tanganyika aitwaye Gustave, jina alilopewa na Mfaransa Patrice Faye aliyekuwa akiishi hapa. Mwaka 2004 filamu juu ya jaribio la kumkamata ilioneshwa huko Marekani; mamba hakukamatwa. Mwaka 2007 Hollywood ikatoa filamu ya kutisha, Primeval, ambayo ilipigwa Afrika ya Kusini, na mamba wake aliundwa kwa kompyuta. Tangu hapo magazeti ya nchi tajiri, yanayosomwa na watu wenye shahada, yameandika kwamba Gustave ana urefu wa zaidi ya meta 6, uzito wa karibu tani moja, na kwamba amekula watu 300. Mamba huyo hajapata kupimwa kwa kamba wala kwa mizani. Vipimo vyake vilikadiriwa kwa macho na kwa picha zilizopigwa kwa mbali, na hesabu ya watu 300 haikuthibitishwa kamwe.

Tazama basi! Mzee wa kijijini alioneshwa mbu mkubwa, akakataa kuamini mpaka apate kipimo. Msomi wa Ulaya alioneshwa mamba mkubwa, akaamini pasipo kipimo. Ni nani kati yao aliyestahili kuchekwa?

Wala hasara haikubaki Ulaya. Picha ya mamba mmoja mwenye jina imelifunika somo zima la mamba. Imemfanya kuwa muuaji wa kukusudia, mithili ya jambazi; kumbe mamba huwinda kama samba awindavyo mbuga ya nyika, kwa njaa na kwa nafasi iliyojitokeza. Mwenye kuogopa mmoja huwasahau wengi. Tangu mafuriko ya mwaka 2020, maji ya ziwa na ya Ruzizi yalipoingia Gatumba na mitaa ya pwani ya Bujumbura, mipaka ya mamba na viboko na watu ilisogezwa. Mtoto atekaye maji ukingoni ahitaji kujua ni saa zipi, ni mahali gani, na ni dalili zipi zenye hatari, hata kama Gustave alikufa zamani. Hayo hayamo katika picha yoyote ya sinema. Yamo katika maneno ya wavuvi, nao wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili.

Rangi ya kirusi

Mfano wa tatu wa karibu zaidi kwa wakati wetu ni ule mpira wa kijivu wenye miiba myekundu. Hapana mtu aliyekuwa na macho katika mwaka 2020 asiyeukumbuka. Ulichorwa mwanzoni mwa mwaka huo na wachoraji wawili wa kituo cha serikali ya Marekani cha kuzuia magonjwa, Alissa Eckert na Dan Higgins, ili wananchi wapate sura ya adui asiyeonekana. Kazi hiyo ilikuwa halali na ya ustadi. Lakini kirusi cha korona kina upana wa sehemu moja hivi ya elfu kumi ya milimita. Ni kidogo kuliko wimbi la nuru linaloleta rangi machoni petu; kwa hiyo hakina wekundu, wala ukijivu, wala rangi yoyote. Wekundu ule ulichaguliwa ili ushtue. Picha yake ikichapwa kwa upana wa sentimita 10, kirusi kimekuzwa mara milioni moja. Kwa kipimo hicho, mtu wa meta 1.70 angenyooka kilomita 1,700, umbali unaoupita ule wa ndege kutoka Bujumbura hadi Dar es Salaam.

Je, maneno hayo machache, ‘mchoro huu umekuzwa mara milioni, na rangi ni za mchoraji’, yangechukua nafasi gani chini ya bango? Mstari mmoja. Kwa kukosekana mstari huo, watu walikifikiria kirusi kama mdudu mwenye miiba ya kuonekana, kitu cha kufagiwa au kufukuzwa kwa moshi. Tena wako waliofanya shaka juu ya ugonjwa wenyewe, walipopata kusikia kwamba ile picha ‘ni ya kuchorwa’. Aliyefichwa uundaji wa picha, siku akigundua kwamba imeundwa, huitupa picha pamoja na ukweli uliokuwa nyuma yake. Hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote, nasi twawaomba wenzetu waitafakari.

Ugonjwa uliotwikwa nyani

Mwezi Julai 2024 Burundi ilithibitisha wagonjwa wake wa kwanza wa mpox katika mlipuko uliokuwa umeanza ng'ambo ya mpaka, huko Kivu ya Kusini. Tarehe 14 Agosti mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Mji wetu wa Bujumbura ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizoguswa sana.

Ugonjwa huu ulifika kwetu ukiwa umekwisha tanguliwa na picha mbili. Ya kwanza ni picha iliyomo ndani ya jina. Kwa muda mrefu magazeti ya Kiswahili yaliuita homa ya nyani au ndui ya nyani, kwa kufuata jina la Kizungu. Jina hilo lilitokana na tukio la mwaka 1958, kirusi kilipogunduliwa kwa mara ya kwanza katika nyani wa maabara mjini Copenhagen. Wataalamu wanaona kwamba wanyama wanaokihifadhi kirusi hicho porini ni wale wa jamii ya panya na kindi. Lakini neno ‘nyani’ likitajwa, nyani huonekana. Asiyepata kuwa karibu na nyani maishani mwake, na wa namna hiyo katika Bujumbura ni karibu sote, hujihesabu yu nje ya hatari. Shirika la Afya Duniani liliacha rasmi jina hilo kwa kuanza kutumia jina la mpox mwezi Novemba 2022. Walimu wa lugha tunao mfano wa kufundishia hapa: neno nalo ni picha, na neno baya huchora uongo hata gizani.

Picha ya pili ni ya ngozi. Mwezi Mei 2022, ugonjwa huo ulipokuwa ukienea Ulaya na Amerika ya Kaskazini, vyombo vya habari vya huko viliandamanisha habari na picha za watu weusi, mpaka chama cha waandishi wa habari wa nchi za nje walioko Afrika kikatoa tamko la kulalamika. Msomaji wa huko akafundishwa kwamba ugonjwa una rangi ya ngozi. Kwetu, picha hizo hizo, za miili iliyojaa malengelenge kutoka utosini hadi nyayoni, zilifundisha somo jingine la hatari: kwamba mpox ni ule tu unaotisha machoni. Kumbe mgonjwa aweza kuwa na vipele vichache tu, tena sehemu zilizofichwa na nguo, na bado akaambukiza. Mtu wa namna hiyo hujitazama, hujilinganisha na bango, husema: mimi siye. Kisha hurudi nyumbani kwa mkewe na wanawe.

Na kirusi kile kilisafiri njia gani? Walioeneza ugonjwa walitoka Kivu wakapita njia za wasafiri na wachuuzi. Njia ya Uvira, Gatumba na Bujumbura huzungumza Kiswahili tangu alfajiri hadi usiku. Kirundi lazima kiwe cha kwanza katika kila bango la nchi hii, maana ndicho lugha ya wote. Lakini bango la njia ile likikosa Kiswahili, limewapa mgongo wale wale liliobandikwa kwa ajili yao.

Majibu kwa wanaotupinga

Tunajua tutakayoambiwa. Tutaambiwa kwanza kwamba maneno ni ya wanaojua kusoma, na picha ni ya wote. Twajibu kwamba kusoma picha nako ni kusoma. Mshale, alama ya mkasi yenye kukata, mwili uliopasuliwa kati ili viungo vya ndani vionekane, duara linalokuza sehemu moja ya mchoro: yote haya ni herufi, nazo hufundishwa. Hapana mtu aliyezaliwa akijua kwamba mshale ni wakati upitao. Asiyejua kusoma maandishi ana masikio. Basi maelezo na yasemwe na mwalimu, na muuguzi, na redio. Tunachokitaka ni neno. Liwe la wino au la ulimi.

Tutaambiwa pili kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Dai hili limezeeka, na lafaa lizikwe. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya istilahi za bayolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1967, watoto wa Tanzania walikuwa wakisoma sayansi ya msingi kwa Kiswahili. Hadubini, kimelea, kiluwiluwi, chembe, kipimo, mkato, kinga: ni neno gani hapa lililo gumu kuliko ‘paludisme’ kwa mtoto wa Kinama?

Tutaambiwa tatu, na wenzetu wenyewe, kwamba sisi ni walimu wa lugha, tuwaachie wa bayolojia picha zao. Jibu letu ni kali kidogo. Insha zetu zimejaa ngano za sungura na fisi, barua za kuomba kazi na maelezo ya sikukuu. Ni vyema. Lakini mwanafunzi anayeweza kueleza harusi katika kurasa mbili, akashindwa kueleza kwa sentensi tatu picha ya mbu iliyo juu ya kichwa chake, amefundishwa lugha ya sherehe akanyimwa lugha ya maisha. Mwalimu wa bayolojia anajua mbu. Kazi ya kutunga sentensi nyoofu, fupi, isiyo na utata, ni yetu. Akikosea yeye, sisi tutasahihisha Kiswahili chake; tukikosea sisi, yeye atasahihisha mbu wetu. Ushirikiano huo hauhitaji kibali kutoka mahali popote.

Yatupasayo

Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kimeingia madarasani mwetu. Haitoshi kiingie kama mgeni wa kusalimia na kuhesabu moja hadi kumi. Kipewe kazi. Nasi twapendekeza kazi iliyo karibu, isiyo na gharama, itakayoanza muhula ujao.

Kila picha ya sayansi inayobandikwa ukutani na ipate chini yake maelezo ya mistari minne, yaliyotungwa na wanafunzi na kusahihishwa na walimu wawili. Mstari wa kwanza useme kitu kilichooneshwa ni nini. Wa pili useme kimekuzwa au kimepunguzwa mara ngapi. Wa tatu useme kama ni picha ya kamera au ni mchoro, na rangi zake zimetoka wapi. Wa nne useme jambo muhimu ambalo picha haikuweza kulionesha: saa za mbu kuuma, ugonjwa kabla ya vipele, mamba aliye chini ya maji. Mstari huo wa nne ndio mgumu kuliko yote, na ndio wenye faida kuliko yote, kwa sababu humzoeza kijana kuuliza juu ya kila picha aionayo: ni nini kilichoachwa nje?

Mwanafunzi atakayezoea swali hilo hatadanganywa upesi na bango, wala na sinema, wala na picha zinazoruka leo kutoka simu hadi simu, ambazo nyingine zimetungwa na mashine bila kamera wala mchoraji. Na walio wazee na tuwarudishie heshima yao. Yule mzee wa kisa cha mbu, awe alikuwapo au alibuniwa na wenye kumcheka, aliuliza swali ambalo wenye elimu walisahau kulijibu. Wajibu wa kulijibu ni wetu, kwa Kiswahili kinachosikika, kabla ya mvua za masika kujaza tena mashimo ya matofali.